Kabla Baba Hajanyeshewa Tena

Novemba 3

Vumbi limeanza. Tangu tulipomzika mama haijaanguka hata tone, na leo asubuhi majani ya migomba yalikuwa mekundu kama yaliyopakwa mawese. Nilipika magimbi ya watu wawili. Ya mtu wa pili nikampelekea jirani.

Novemba 6

Mama alikufa muda mfupi baada ya redio kutangaza kwamba wale waliopigania uhuru wakauawa, sasa majina yao yanaweza kutajwa hadharani. Jina la baba lilikuwemo: Simeoni Tekam, mwalimu, wa Bafenko. Msomaji wa habari alilitamka vibaya. Mama akaniambia nizime redio. Nilidhani amechoka. Akageukia ukutani akasema, "Sasa mwingizeni ndani."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Baadaye aliomba maji tu.

Wafu wengine wote wa ukoo wetu walishafukuliwa, wamo ndani. Kichwa cha babu kimo katika chungu chake, cha bibi katika chake, wanalishwa chumvi na mawese na wanasalimiwa asubuhi. Baba peke yake ndiye anayenyeshewa huko nje, tangu nikiwa na miaka minane. Askari walimpiga risasi wakamfukia pasipojulikana, na ikapigwa marufuku kumlilia. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa, lakini askari walikuwa walewale.

Kila mwaka, mvua ya kwanza ikianguka, mama aliacha chungu motoni akatoka kusimama uani. Alikaa pale mpaka nguo zimemganda mwilini. Nilidhani anapenda ubaridi. Nilikuwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wangu, ndipo nilipoelewa.

Basi nimejiwekea ahadi. Kabla ya mvua ya kwanza ya Machi, kichwa cha baba kiwe ndani, na achezewe ngoma yake ya matanga kama mtu. Mama naye atachezewa baada yake. Mke hachezewi wakati mumewe yuko nje.

Novemba 8

Nilikwenda kwa baba mdogo Nzali. Anaishi katika nyumba ya baba, kwenye uwanja wa baba, na kofia anayovaa nadhani nayo ni ya baba.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, baba mdogo."

"Uongo. Kaa ule."

Nikala. Nilipomweleza nilichokuja nacho aliendelea kutafuna kokwa ya kola.

"Utachimba wapi? Nchi nzima?"

"Wewe ulikuwa mtu mzima wakati ule. Hukusikia hata tetesi?"

"Tetesi hazina mifupa, Julienne. Ukileta humu kichwa cha mtu baki, ukamlisha, ukamwita baba, unajua atatufanya nini? Atakula na kutuchukia. Tutazikana hapa mmoja mmoja."

"Kwa hiyo tumwache?"

"Nimesema tumwache? Nimesema kula."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Baba akiingia ndani lazima arithiwe, na akirithiwa baba mdogo atahama chumba kikubwa. Ndiyo maana anakataa, ndivyo ninavyoona.

Novemba 17

Vumbi. Nimeshona sare za watoto wa kwaya. Mikono inanuka chaki.

Novemba 20

Leo nimemkumbuka baba bila kukusudia. Mwanamke mmoja alipita na bata mzinga kichwani, nikacheka peke yangu. Baba alikuwa akiwaogopa. Mtu huyo alisimama mbele ya mkuu wa wilaya Mzungu akamwambia hapana, lakini bata mzinga wa jirani akikunjua mkia baba alikuwa anapanda juu ya benchi. Akinibeba mabegani alinishikisha masikio yake niyatumie kama usukani. Nikivuta la kulia, anakwenda kulia. Mara moja nilimwendesha kwa makusudi mpaka kwa bata mzinga.

Sina picha yake. Picha zote mama alizichoma. Masikio yake nayakumbuka: yalikuwa ya moto.

Desemba 1

Siku ya soko. Nilimkuta Magne Kouayep ameshaweka nyanya zake. Tunamwita Magne kwa heshima ya mapacha aliowazaa, lakini mdomo wake pia una mapacha: mmoja hutukana, mwingine hubariki.

"Fundi! Gauni langu umelila?"

"Kitambaa ulicholeta kilikuwa kidogo, Magne."

"Kitambaa kilikuwa kidogo au mimi ni mkubwa? Sema ukweli, nyanya zinasikia."

Nilipomwambia habari ya baba aliacha kucheka. Akanisogezea kigoda.

"Unajua kwa nini sisi wauza mboga tunafungua soko tukiwa tumesimama?"

Nilijua, lakini nilitaka anisimulie yeye. Zamani Wazungu walileta ushuru wa wanawake sokoni, ushuru wa mahali pa kukaa. Wanawake wakamwendea mwalimu Tekam wakilia. Akawaza, akawauliza, "Ushuru ni wa kukaa?" Wakamjibu ndiyo. "Basi simameni." Soko zima likasimama. Vikapu vichwani, watoto migongoni, wakauza wamesimama tangu jua kuchomoza mpaka kuzama. Mtoza ushuru alizunguka na kitabu chake akitafuta aliyekaa. Soko lililofuata vilevile. Wajawazito waliegemezwa na wenzao. Mwishowe ushuru ukafutwa, na hakuna jiwe lililorushwa.

"Mguu huu," Magne alijipiga goti, "ulivimba kama kibuyu. Na nilikuwa nacheka! Njoo soko lijalo, fundi. Uje mapema, kabla wanunuzi hawajafika. Na ufunge mdomo wako, utazame ardhi."

Desemba 9

Siwezi kuandika haraka kama ninavyotaka.

Nilifika kukiwa na ukungu bado. Wanawake walikuwa wanaingia mmoja mmoja na vikapu vyao. Katikati ya safu ya wauza nyanya na safu ya wauza samaki wakavu kuna nafasi tupu, pana kama kitanda. Nimepita pale maisha yangu yote nikidhani ni njia. Lakini njia inakwenda mahali. Ile haiendi popote.

Mwanamke wa kwanza alipita pale akadondosha kitu kutoka vidoleni, kama anayekung'uta unga. Wa pili naye hivyohivyo. Muuza samaki mmoja alijifanya anakohoa. Hawakutazamana. Nilipochuchumaa nikagusa ardhi nikaonja: chumvi. Majani hayaoti pale. Udongo wenyewe umekuwa mweupe.

"Magne," nikamwita, "wote wanajua?"

"Wote nani? Mimi najua. Nilikuwa nimejificha chini ya meza siku ile, nikaona wanapofukia."

"Na yule aliyekohoa?"

Magne akageuka akamtazama. "Yule ana kifua."

"Ana chumvi mkononi."

Akaenda mwenyewe. Nikasikia anauliza, nikasikia mwenzake anakana, kisha nikamwona anakunjua kiganja. Baada ya hapo Magne akasimama katikati ya soko akapiga kelele, "Enyi wachawi! Ni nani mwingine anayemlisha Tekam chumvi hapa?"

Mikono ikainuka. Ikaanza taratibu kwa wazee, ikaja kwa mabinti zao walioambiwa na mama zao wafanye hivyo wasiulize. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Kila mmoja alinyamaza asiwaponze wenzake, na wenzake hao walikuwa na chumvi mkononi.

Mmoja akasema, "Kumbe tumemtilia mtu chumvi nyingi hivi, kiu yake!"

Wakacheka huku wakilia. Kulia kwenyewe kwa ajili yake kulikuwa marufuku, nao walikuwa wakilia sokoni mchana kweupe.

Sasa najua ni kwa nini mama hakuwahi kununua nyanya kwa mwingine ila kwa Magne. Alikuwa na sababu ya kupita pale.

Desemba 25

Kanisani. Sikusikia mahubiri.

Januari 6

Fo, chifu wetu, ametoa ruhusa na kutuma wazee wawili wa baraza kushuhudia. Tumechimba. Wanawake wa soko walisimama mduara wakishikilia vitambaa ili wapita njia wasione. Baba mdogo alikuja akasimama mbali, kofia mkononi.

Mchimbaji aliweka jembe chini, akaendelea kwa mikono. Akatoa kichwa. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimefungua mdomo kumsalimu.

"Ngoja, mama," akasema. "Kuna kingine."

Vilikuwa vitatu. Vimelala karibu kama watoto wa kitanda kimoja.

Magne akasema kwa sauti ndogo, "Lori lile lilileta wengine. Watu wageni, labda wa pwani. Tulidhani waliondoka nao."

Hakuna alama. Mashati yalikwisha kuliwa na udongo. Nilivitazama mpaka macho yakauma, na masikio hayaachi mfupa.

Vimewekwa kwa muda katika kibanda cha soko, chini ya turubai. Turubai lina matundu.

Januari 14

Mzee Sop, mwaguzi, alipanga vijiti vitatu, kimoja kwa kila kichwa, mbele ya shimo la buibui wake, akaweka majani yake yenye alama, akafunika kwa chungu. Tulingoja tukinywa pombe ya mti wa mwaale. Alipofunua, majani yamevurugwa na kutandazwa juu ya vijiti vyote vitatu.

"Amekataa kuchagua," Sop akasema.

"Muulize tena," baba mdogo akasema.

Akauliza tena. Safari hii buibui hakutoka kabisa.

"Sasa amechukia," Sop akasema. "Ukimuuliza mkeo kitu kimoja mara mbili, naye si hivyo?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa Sop.

Januari 22

Wingu dogo upande wa kusini leo. Nililitazama mpaka likatoweka.

Januari 23

Baba mdogo amekuja kwangu. Hajawahi kuja kwangu tangu mama afe. Alikataa kukaa, akakataa kola.

"Unaniona mimi mwoga," akasema.

Nikaendelea kukanyaga cherehani.

"Siku ile walituleta sokoni sote. Walikuwa wamemlaza chini. Kila mtu apite, aulizwe: unamjua huyu? Anayemjua apande lori. Mama yako alipita, ana tumbo la yule mdogo wako aliyefariki, amekufunika wewe uso usione. Akasema simjui. Nikapita mimi. Nikasema simjui. Ndugu yangu wa tumbo moja, tumelala mkeka mmoja! Sasa mmenipeleka kule mnaniuliza, Nzali, yupi ni Tekam? Nami nimetazama vile vichwa, Julienne. Nimetazama. Na kweli simjui."

Nikamshika, mtu mzito namna ile, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja kati ya vitambaa. Alilia kama mtu anayejifunza kulia.

Nimemdhulumu mzee huyu katika kurasa za nyuma. Sizichani, lakini nasema hapa: hakuwa akiogopa watu baki. Alikuwa anamwogopa kaka yake.

Alipotulia akaniuliza tutafanya nini. Nikamwambia nilichokuwa nikikiwaza tangu siku ile ya kuchimba.

"Tuwachukue wote."

"Wote watatu?"

"Nikichagua mmoja nikakosea, baba anabaki nje. Nikiwachukua wote, baba yumo ndani. Hakuna namna nyingine ya kuwa na hakika."

"Na hao wawili?"

"Wamelala naye muda wote huu. Wanamjua kuliko mimi."

Akapangusa uso kwa kofia yake. Kisha akasema, "Wa pwani hawali mawese mengi."

Nikajua amekubali.

Februari 8

Barazani kwa Fo. Nilivaa gauni la mama. Wazee walisema hapana, na walikuwa na haki: hakuna aliyewahi kusikia nyumba ya Bafenko ikilisha vichwa visivyo vya ukoo. Mmoja akasema, "Leo wawili, kesho mtatuletea kijiji kizima cha wafu."

Baba mdogo aliongea. Sikutegemea. Alisimama akasema mbele ya wote yale aliyoniambia mimi, bila kupunguza neno, na akamalizia, "Nyumba ninayokaa ni yake. Chumba kikubwa nimekihama jana. Vyungu vitatu vinaenea."

Zamu ikawa ya Fo. Yeye ni kijana kuliko mimi, alipewa kiti baada ya mambo hayo yote. Akasema polepole, "Mama Julienne, ninakuhurumia. Lakini hakuna mila ya namna hiyo."

Ndipo Magne Kouayep akasimama kutoka kule nyuma wanakokaa wanawake. Alipiga makofi ya heshima yanayotakiwa, akainama, akainuka.

"Baba yetu Fo, uishi. Naomba kuuliza tu, mimi muuza nyanya. Mila ya soko zima kusimama kutwa, ilikuwepo kabla ya Tekam?"

"Haikuwepo."

"Baba yako marehemu aliikataza?"

Wazee wakatazamana.

"Hakuikataza," Magne akaendelea. "Siku ya pili alimtuma mkewe, mama yako, aje asimame nasi, na kikapu kitupu, maana hakuwa na cha kuuza! Nilisimama naye bega kwa bega. Alikuwa na shanga za mahari shingoni na vumbi mpaka magotini. Leo tunaiita mila."

Fo alicheka kwanza, ndipo wengine wakapata ruhusa ya kucheka. Akauliza kama ni kweli kuhusu mama yake na kikapu kitupu. Mzee mmoja akasema ni kweli, yeye ndiye aliyekwenda kumrudisha jioni, na mama huyo akakataa kurudi.

Fo akasema, "Watatu waingie. Wawili wasio na jina wataitwa wana wa Bafenko, na ndugu zao wakija kuwatafuta siku yoyote, watakaribishwa kama wakwe. Siku ya ngoma ni Machi mosi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na sikumbuki njia.

Februari 15

Nashona. Magauni matatu sawa ya kitambaa cha ndop, cha bluu na nyeupe, ya ngoma.

Februari 24

Ngurumo, mbali. Magne amekuja kupima gauni.

"Ikinyesha kabla ya siku?" nikamuuliza.

"Tutasimama juu ya kile kibanda na sketi zetu. Shona!"

Haikunyesha.

Machi 1

Naandika nikiwa nimekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, na ngoma bado zinalia kule uwanjani bila mimi.

Walianza kuja alfajiri. Nilitegemea watu wa Bafenko. Walikuja wa vijiji vya jirani, wakaja wanaume wenye vinyago vya tembo na shanga mpaka magotini, wakaja walimu waliofundishwa na wanafunzi wa baba, wakaja vijana waliokuwa hawajazaliwa na hawana sababu yoyote ya kuja isipokuwa kwamba wamekatazwa kulitaja jina hilo maisha yao yote na leo wanalitaja kwa sauti ya juu. Tekam! Wanasema tu hivyo, wanaruka. Tekam! Kama watoto waliopewa filimbi.

Vyungu vilitoka sokoni kichwani kwa wanawake watatu. Magne alibeba kimoja. Yule muuza samaki anayekohoa alibeba cha pili. Cha tatu nilibeba mimi. Barabara nzima ilikuwa imefagiliwa. Mbele yetu baba mdogo alikuwa na gobore la babu, ambalo lilikuwa limefukiwa chini ya jiko tangu siku za askari. Alilishika vibaya hata nikaogopa atajipiga mguu.

Mbele ya mlango wa nyumba akasimama. Desturi inamtaka mwenye nyumba aulize nani anaingia. Alipaswa kuuliza mara moja. Aliuliza mara tatu, mara moja kwa kila chungu.

"Nani huyu?"

"Mwana wa Bafenko," Magne akajibu.

"Namjua. Apite."

"Nani huyu?"

"Mwana wa Bafenko."

"Namjua. Apite."

Akafika kwangu.

"Nani huyu?"

Nikasema, "Ni kaka yako."

"Namjua," akasema. Kisha akageukia uwanja mzima, akapaza sauti kwa nguvu ambazo sikudhani anazo: "Namjua! Ni Simeoni Tekam! Tumelala mkeka mmoja! Namjua!" Akainua gobore akalifyatua juu, na lilipolia magobore mengine yote yakaitikia kutoka kila kilima, moshi ukatanda, kuku wakatawanyika. Baba mdogo akasukumwa nyuma na mshindo akakaa chini kwenye vumbi, kofia imeanguka, anacheka.

Nikaingia ndani. Mle hamna upepo. Nilikiweka chungu changu kati ya viwili vile, nikatia chumvi, nikatia mawese. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikasema tu, "Baba, shikamoo. Umefika."

Kisha nilitoka nikacheza. Nilicheza na ndop ya bluu ikinipiga visigino, nikacheza kwa ajili ya baba, na jua lilipoegemea upande wakabadilisha wimbo, nikacheza kwa ajili ya mama. Wanawake wa soko walicheza wote. Hakuna aliyekaa.

Machi 2

Siwezi kusimama. Magne amenitumia nyanya na salamu: anauliza kama goti langu limevimba, na anasema karibu.

Machi 7

Baada ya chakula cha mchana upepo uligeuka ghafla, ukaleta ile harufu ya vumbi linalolowa. Nikaacha cherehani nikakimbilia nyumba ya baba. Sijui nilikuwa nakimbilia nini. Tone la kwanza lilinipata mlangoni, kubwa kama punje ya kahawa, na mara mbingu nzima ikamwagika.

Ndani palikuwa pakavu. Vyungu vitatu vimekaa. Nilisimama nikisikiliza bati linavyopigwa, nikataka kulia, na kabla sijaanza nikasikia kishindo kingine huko juu, si cha mvua.

"Baba mdogo?"

"Nini!"

"Unafanya nini huko juu?"

"Kuna bati limelegea! Upande wa pili! Nimeliona tangu jana!"

"Wewe ni mzee! Shuka, utavunjika!"

"Nani analowa humo ndani? Angalia vizuri, Julienne! Nani analowa?"

Nilitazama kona zote. Niligusa kuta kwa kiganja. Niligusa ardhi kuzunguka vyungu. Vumbi, kavu, laini.

"Hakuna, baba mdogo!" nikapiga kelele. "Ni wewe peke yako unayenyeshewa!"

Kisha nikamsikia anacheka huko juu ya paa, kicheko kirefu cha kijana, na nyundo ikaanza kugonga.